Gesche, mpanga safari aliyeshindwa na vikombe vitatu vya chai

Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Gesche Oltmanns hajavua hata koti, na tayari Bwana na Bibi Poppinga wameketi mbele ya meza yake, simu ikiwa katikati yao kama mtoto aliyeletwa kwa daktari. Kwenye simu kuna orodha: Paris, Milano, Prague, Copenhagen. Siku nne. Kwa ndege.

"Kutoka hapa Leer?" anauliza Gesche.

Kutoka hapa hapa Leer, wanajibu kwa pamoja, na nyuso zao zinang'aa. Wameona tiketi ya kwenda Milano kwa euro kumi na tisa tu.

Gesche anavuta karatasi na penseli, anaanza kuandika. Treni hadi Bremen. Tramu hadi uwanja wa ndege. Foleni ya kukaguliwa. Ndege yenyewe. Kisha basi, maana uwanja huo una jina la Milano lakini Milano yenyewe iko mbali, karibu mwendo wa saa nzima. Anajumlisha, anapiga mstari chini, anaigeuza karatasi ili wajionee wenyewe.

"Milano mtakaa masaa kumi na moja," anawaambia. "Saba mtakuwa mmelala. Mawili mtakuwa mnatafuta hoteli. Yanayobaki ni mawili. Mle, au mwone kanisa. Vyote haviwezekani."

Bwana Poppinga anasema jirani yao alizunguka miji sita kwa siku tano. Gesche anamjibu kwamba jirani aliona viwanja vya ndege sita, na kama ni hivyo tu, hata picha zake zinatosha. Baada ya nusu saa wanatoka na miji miwili, kwa treni, nyuso zimenuna.

"Watarudi na boksi la biskuti," anasema Gesche akivua koti hatimaye. "Hurudi wote. Lakini kwanza lazima wanichukie."

Gesche ana miaka hamsini na saba, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia nyuma ya meza hii, katika duka dogo la tiketi lililo kando ya stesheni ya Leer, mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani. Zamani walikuwa wafanyakazi wanne. Sasa yuko yeye na mwenzake anayekuja Ijumaa peke yake. Analipwa euro 2,600 kwa mwezi kabla ya kodi, na kwa kila safari anayoipanga duka linatoza euro kumi na tano.

Hizo kumi na tano ndizo zinazomtoa roho. Kuna wateja wanaokaa naye saa nzima, wakapangiwa kila kitu, treni kwa treni, jukwaa kwa jukwaa, kisha wakasema wanaenda kufikiria. Hawaendi mbali. Wanasimama pale pale nje ya kioo, wanainamia simu, wananunua alichowapangia.

"Ninawaona," anasema. "Wangeniheshimu kidogo, wakafikirie hata kule kwenye duka la mkate."

Mwandishi wa makala haya, ambaye ameishi mji huu kwa miaka mingi, hana haki ya kuwacheka. Mwaka juzi alikaidi ushauri wa Gesche akajiachia dakika sita za kubadilisha treni mjini Lille, mahali penye stesheni mbili ambazo kati yake ni mwendo wa miguu. Alishinda benchini mchana kutwa akitafuna mkate mkavu. Aliporudi, Gesche hakumsimanga. Alifungua faili, akatoa karatasi ya penseli iliyosema dakika arobaini, akairudisha kwenye faili.

Kwa hiyo ukimwuliza mtu yeyote wa Leer nani anajua kupanga safari ya miji mingi kwa siku chache, atakuonyesha mlango wa Gesche. Na ndiyo maana watu wanashindwa kuzuia kicheko wakisikia kwamba safari moja imemshinda kabisa. Ni safari ya baba yake.

Mzee Weert Oltmanns ana miaka themanini na miwili. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa mlinda kivuko cha reli: treni ikija anashusha kizuizi, ikipita anakipandisha. Treni za kwenda kila upande zimepita mbele ya pua yake, naye hadi mwaka jana alikuwa hajafika zinakokwenda.

Kaka yake mkubwa, Habbo, alihamia Antwerp ujanani kufanya kazi bandarini, akaoa huko, akazeekea huko. Mama yao alipofariki, miaka ishirini na tisa iliyopita, Habbo alikuja mazikoni, na alipoondoka aliondoka na buli la chai la mama, lile jeupe lenye waridi jekundu. Weert akabaki na vikombe vyake sita. Kila mmoja anaamini mwenzake amemwibia nusu. Tangu siku hiyo hawajakaa meza moja.

"Watu wazima na akili zao," anasema Gesche, na hapa anaweka penseli chini. "Mmoja ana buli halina vikombe, mwingine ana vikombe havina buli. Mimi nimezaliwa katika ukoo huo, nifanyeje?"

Mwaka jana aliamua kumaliza mambo. Baba mkubwa Habbo alikuwa ameanza kuugua figo, na anayepokea simu zake kila Jumapili ni Gesche. Alimwambia baba yake waende Antwerp, mara moja tu, wakamwone mgonjwa. Mzee alikataa. Alisema akienda Antwerp atakuwa amemfuata Habbo, na yeye hamfuati mtu.

Ikabidi atumie ufundi wake wa kazi. Alipanga safari ya siku nne: Amsterdam, Rotterdam, Brussels, Cologne. Safari ya mzee mstaafu kwenda kutazama stesheni. Na katikati, kati ya Rotterdam na Brussels, kwa maandishi madogo: Antwerp, kubadilisha treni, dakika hamsini. Habbo alikubali kuja kusimama jukwaani, maana jukwaa si nyumbani kwa yeyote kati yao. Mzee Weert aliisoma ratiba kutoka juu hadi chini. Akasema, ikiwa ni kupita tu, sawa, kila mtu hupita.

Gesche alifurahi sana. Alikuwa amehesabu ngazi za kila stesheni, lifti ziko wapi, choo kiko wapi, mzee na bakora yake atatumia dakika ngapi. Kitu kimoja hakukihesabu, na mpaka leo anajipiga kichwa.

Hakuhesabu chai ya saa tisa.

Huku kwetu chai ni saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na vikombe ni vitatu. Donge la sukari chini, chai juu yake, tone la malai pembeni, bila kukoroga. Ukitosheka unaweka kijiko ndani ya kikombe. Kabla ya cha tatu huweki, labda uwe mgonjwa au umeamua kumtukana aliyekumiminia. Hakuna anayekumbuka nani alipanga hivyo, na hakuna anayeuliza.

"Mtu wa kutoka mji mwingine asingefanya kosa lile," anasema Gesche. "Angeuliza, mzee wako anakula saa ngapi, anakunywa saa ngapi. Mimi sikuuliza kwa sababu najua. Kitu ukikijua sana hukioni."

Saa tisa kamili iliwakuta jukwaani Rotterdam. Treni yao ilikuwa ya saa tisa na dakika ishirini na mbili. Mzee Weert aliketi kwenye benchi, akafungua kikapu, akatoa chupa ya chai iliyopikwa kwa maji ya Leer, kwa kuwa maji ya pengine anasema yanaharibu majani. Akamimina cha kwanza. Akasubiri donge lipasuke. Akanywa taratibu, kama aliye nyumbani kwake.

Treni iliingia akiwa kwenye cha pili. Gesche alimsihi. Alimshika mkono. Abiria walikuwa wanapanda, na kondakta alikuwa amekwisha kutoa kichwa nje kutazama jukwaa.

"Akaniambia hivi," anasimulia Gesche, na sauti yake bado ina hasira ya mwaka mzima. "'Miaka thelathini na nane nimezisubiri mimi. Leo moja inisubiri.'"

Haikumsubiri.

Treni iliyofuata ilifutwa. Iliyofuata hiyo ilichelewa. Walipofika Antwerp, walikuwa wamechelewa kwa muda wa saa mbili na robo, na jukwaani hapakuwa na Habbo. Alikuwa amesimama pale na miguu yake inayovimba mpaka mfanyakazi mmoja wa stesheni akamletea kiti, na kuletewa kiti kulimwuma kuliko miguu. Akarudi zake nyumbani.

Nyumba yenyewe si mbali. Ni tramu vituo vinne. Gesche alimwambia baba yake twende. Mzee akasema walikubaliana kukutana stesheni, na stesheni amefika. Nyumbani kwa mtu haendi bila kuitwa. Wakapanda treni ya Brussels.

Mwandishi alipomwuliza alijisikiaje ndani ya treni hiyo, Gesche alisema alitamani kumwacha mzee Brussels na kikapu chake.

Mwaka huu mambo yamekuwa magumu zaidi. Figo za Habbo zimekwisha. Anasafishwa damu hospitalini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na akitoka huko hana nguvu ya kuongea. Jumamosi na Jumapili mzee Weert hasafiri, kwa sababu treni zinajaa mashabiki wa mpira. Kwa hiyo ni Jumanne au Alhamisi, na Habbo hulala mchana hadi saa kumi. Ana miaka themanini na sita. Daktari amemwambia Gesche kwa simu, waziwazi, kwamba anayetaka kumwona asingoje majira ya joto.

Juu ya hayo yote, wazee wenyewe hawajasogea hata inchi. Jumapili moja Habbo alimwambia: "Mwambie huyo mdogo wangu, mimi stesheni siendi tena. Nyumba haijahama."

Gesche alipeleka ujumbe. Mzee Weert akauliza kama hayo ni maneno ya kumwita mtu. Gesche akapiga simu tena. Habbo akasema mdogo mtu haitwi, anakuja. Kwa wiki tatu Gesche amekuwa akibeba maneno kati ya Leer na Antwerp, na kwa kazi hiyo hakuna anayemlipa hata euro kumi na tano.

Ratiba mpya ameichora kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo, kwa penseli, ikiwa na alama za kufuta kila mahali. Jumatatu kutoka Leer, kubadilisha Rheine, kulala Amsterdam. Jumanne chai ya saa tano hotelini, kisha Rotterdam. Safari hii Rotterdam mzee amewekewa dakika sabini nzima, saa tisa ikiwa katikati, kwa ajili ya vikombe vitatu. Antwerp saa kumi na nusu. Kubadilisha treni, dakika hamsini. Brussels. Jumatano Cologne. Alhamisi nyumbani.

"Inafanya kazi," anasema akiitazama karatasi bila furaha. "Kila treni inafanya kazi. Isipokuwa kwamba hakuna atakayemwona mtu."

Jumatano, imepita saa tisa na nusu alasiri, mlango unafunguliwa na mzee Weert anaingia. Ni mrefu, kofia yake ya kazini bado anaivaa. Kuna wateja wawili mbele yake, naye anasimama nyuma yao, bakora mkononi. Gesche anamwambia, Baba, njoo ukae. Mzee anajibu kwamba zamu yake bado.

Wateja wanamalizana. Mzee anaketi kwenye kiti walichokalia akina Poppinga, anatoa mfukoni nakala ya ratiba na kuinyoosha juu ya meza kwa viganja viwili. Ameiwekea alama zake mwenyewe, nyekundu, kama daftari la kivuko.

"Rotterdam umeniwekea dakika sabini," anasema.

"Ndiyo, Baba. Vikombe vitatu."

"Nyingi mno. Kimoja kinatosha."

Gesche anamwangalia. Katika miaka hamsini na saba hajawahi kumwona baba yake akiweka kijiko baada ya kikombe kimoja, hata siku mzee alipomzika mama yake mwenyewe.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kimoja Rotterdam. Viwili nitanywa huko mbele."

"Huko mbele wapi, Baba?"

"Huko mbele," anasema mzee, macho kwenye karatasi. "Si umesema mwenyewe wamempimia viwili?"

Gesche anajibu tu kwamba ni kweli. Baadaye, mzee akiwa dirishani anatazama treni ya Emden ikiingia, anamweleza mwandishi kwa sauti ya chini. Wiki iliyopita, wakiosha vyombo, alimwambia baba yake kwamba mgonjwa wa figo hupimiwa maji ya kunywa, na kwamba Habbo sasa ameruhusiwa vikombe viwili vidogo vya chai kwa alasiri nzima. Mzee aliongeza sauti ya redio. Gesche alidhani hakusikia.

Alisikia. Mtu aliyeiacha treni iende kwa ajili ya kikombe cha pili na cha tatu amekaa wiki nzima akipiga hesabu, akaona kwamba akifika na vitatu vyake kamili, kaka yake atabaki amekaa anamtazama akinywa. Kwa hiyo kimoja anakinywa njiani, abaki na viwili kama vya kaka yake. Gesche anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha anakumbuka tiketi na hasira inamrudia.

"Tiketi za Rotterdam nimeshanunua, Baba. Zimefungwa na treni ile ile. Euro thelathini na nane hazirudi. Ungeniambia jana ningebadilisha bure."

"Jana nilikuwa sijaamua."

"Wiki tatu, Baba. Wiki tatu napiga simu."

"Kazi yako si ndiyo hiyo?" anauliza mzee, na anaonekana anauliza kwa dhati.

Gesche anavuta pumzi ndefu, anageukia kompyuta. Anachagua treni ya mapema zaidi ya kutoka Rotterdam, anatafuta yenye kuwafikisha Antwerp Habbo akiwa ameamka tu, anahakikisha lifti ya jukwaa hilo haiko kwenye matengenezo. Anafanya haraka, mdomo umebanwa. Printa inatoa ukurasa mmoja. Mzee anausoma kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari, mpaka kinapokwama.

"Antwerp hujaandika saa ya kuondoka."

"Najua."

"Ratiba bila saa ya kuondoka si ratiba."

"Nimenunua tiketi isiyo na saa," anasema Gesche. Kwa kazi yake hizo ndizo tiketi anazowakataza watu, ni ghali na zinawafanya wazembe. "Treni za Brussels zipo hadi usiku. Tutaondoka tukiondoka."

Mwandishi alipomwuliza anatarajia nini Jumanne hiyo, Gesche alisema hatarajii waombane radhi, hao hawajui jambo hilo linavyofanywa. Anataka wakae meza moja, basi. Wakigombana tena, na wagombane wakiwa wamekaa. Yeye atakuwa jikoni kwa Habbo akichemsha maji ya Leer, lita mbili, ameshatafuta chupa isiyovuja. Na mwezi ujao, akipata likizo, anataka kwenda mahali pamoja tu, bila kubadilisha treni hata mara moja.

Mzee bado anaitazama ile nafasi tupu kwenye karatasi. Anaitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama reli kabla ya kushusha kizuizi. Halafu anaikunja karatasi mara nne, anaitia mfuko wa ndani wa koti, na kumwuliza binti yake kama soksi za sufu zitatosha kufungia vile vikombe sita.